Nani Akalie Kigoda

Wafipa husimulia kwamba nchi yao ilipata watawala wapya kwa sababu ya kigoda. Ntatakwa, mtawala wa kwanza wa Milansi, alikuwa mawindoni siku walipofika wanawake watatu kutoka mbali. Kabla ya kuondoka alikuwa amemwonya mkewe: wageni wakija, kigoda kisitolewe. Wageni wakaja, mke akaingiwa na hofu, kigoda kikatolewa. Ntatakwa aliporudi alikuta mgeni amekikalia, na mambo yamekwisha. Wakapatana. Wanawake wale na uzao wao, yaani Watwa, wachukue nchi. Milansi ibaki na kijiji chake pamoja na kazi ya matambiko. Kutoka kwa Watwa zikazaliwa enzi mbili zilizogawana uwanda wa Ufipa, Nkansi na Lyangalile.

Chala, kijiji cha Ufipa, imo ndani ya Nkansi ya zamani. Leo iko wilayani Nkasi, mkoani Rukwa, kwenye njia ya kutoka Sumbawanga kwenda Namanyere, katika uwanda ambao sehemu yake kubwa iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Magharibi ardhi inateremkia Ziwa Tanganyika, mashariki inakatika ghafla kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo kwa barabara. Umbali huo una uzito wake katika habari hii, kwa kuwa mtu anayefika kijiji cha Ufipa na begi, madaftari na nia ya kuwaongoza wanakijiji kuigiza maisha yao, mara nyingi ametoka upande huo wa mbali.

Ametoka wapi hasa? Ni swali ambalo watafiti wa sanaa za maonyesho huligusa kwa juu juu. Wamehesabu michezo, wamechambua ujumbe, wamepima kama watu walibadili tabia. Mwongozaji mwenyewe, yaani nani alimlea, alisoma nini, alishika kazi gani kabla ya hii, huachwa kwenye kurasa za shukrani. Lakini ukiwafuatilia mmoja mmoja, Tanzania na kwa majirani zake, jambo moja linajitokeza. Wengi wa watu waliojenga sanaa za maonyesho kwa jamii hawakuanzia jukwaani. Walitoka darasani. Walikuwa walimu, wahadhiri, watu wa elimu ya watu wazima, makatekista. Na historia yao, kwa sehemu kubwa, ni historia ya walimu waliolazimika kujifunza kushuka kwenye kiti cha mwalimu.

Uwanda wa Ufipa ulikuwa na waongozaji wake kabla ya neno hilo kuingia kwenye Kiswahili. Chukua kazi ya kuyeyusha chuma. Wafipa walijenga matanuri ya udongo yanayoitwa malungu, marefu kufikia mita tatu hivi, yakivuta hewa yenyewe bila mivuo. Kisha chuma kilichopatikana kilisafishwa katika tanuri dogo, kintengwe, ambalo ndilo lililopulizwa kwa mivuo. Tanuri kubwa lilihesabiwa kuwa bibi harusi. Lilipambwa, likaimbiwa, likawekewa dawa, na wanaume waliolifanyia kazi walishika miiko ya ndoa. Fundi mkuu alijua aina za udongo na kuni. Lakini alijua pia nani aimbe lini, kikapu cha dawa kifunguliwe saa ngapi, nani asikaribie. Alipanga watu, sauti, vitu na wakati ili jambo litokee mbele ya macho ya wote. Kazi hiyo ilififia chini ya utawala wa kikoloni majembe ya kununua yalipozagaa, lakini mabaki ya malungu yangali yamesimama mashambani.

Na kulikuwa na hadithi. Roy Willis, mwanaanthropolojia kutoka Uingereza aliyefanya utafiti Ufipa kati ya 1962 na 1964, alikusanya masimulizi ya Wafipa na mwaka 1978 akayachapisha katika kitabu alichokiita There Was a Certain Man. Jina hilo linakumbusha jinsi hadithi inavyoanza kijijini: palikuwa na mtu mmoja. Msimulizi wa Kifipa hahitaji pazia. Anabadili sauti, anainuka, anamwigiza sungura na simba kwa kiungo kimoja cha mwili, na wasikilizaji wanajibu. Mtu aliyekulia karibu na bibi wa namna hiyo alikwisha kupata somo lake la kwanza la uongozaji bila cheti chochote.

Mwanahistoria Kathleen Smythe, aliyeandika juu ya familia za Nkansi kati ya 1880 na 1960, anaeleza desturi nyingine iliyoandaa uwanja. Watoto wa Kifipa hawakuendelea kulala kwa wazazi wao mpaka waoe au waolewe. Wakifikia umri walihamia kwenye nyumba za vijana, na huko walifundwa na waliowatangulia na wazee wa kizazi cha babu na bibi. Ulezi ulikuwa kazi ya watu wengi. Ndiyo maana wamisionari wa shirika la White Fathers walipofungua shule zao, watu wa Nkansi waliona kitu wanachokifahamu: nyumba nyingine ya vijana, na mlezi mwingine.

White Fathers walikabidhiwa ngome ya Karema, kwenye ufuko wa Tanganyika, mwaka 1885. Kutoka ziwani wakapanda uwandani, na mwanzoni mwa karne ya 20 Chala ikawa moja ya misheni zao. Pamoja na katekisimu waliingiza kalenda: Noeli yenye hori na wachungaji, Juma Kuu lenye njia ya msalaba. Padri mmoja hakuweza kuvifikia vigango vyote. Aliyefundisha sala, aliyechagua watoto wa kuwa malaika, aliyemwonyesha mkulima jinsi ya kusimama akiwa Pilato, alikuwa katekista, mtu wa pale pale aliyesoma miaka michache, aliyejua Kifipa cha wazee na Kiswahili cha kitabu. Historia za tamthilia ya Tanzania hazimtaji. Ni kosa, kwa sababu huyo ndiye aliyekuwa mwongozaji wa kwanza wa maigizo ya kijiji kwa maana tunayoitumia leo: maandishi kutoka nje, waigizaji wa hapa, na mtu wa katikati anayebeba pande zote mbili.

Ipo pia sura ya giza, na haifai kuiruka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Willis alishuhudia vuguvugu la Kamcape likipita Ufipa. Vijana waliingia kijijini, wakawakusanya watu hadharani, wakawabaini waliodaiwa kuwa wachawi, wakatoa dawa kwa malipo, wakaondoka kwenda kijiji kingine. Willis aliandika juu yao mwaka 1968. Lilikuwa onyesho, tena lenye nguvu kubwa: uwanja, watazamaji, waigizaji wakuu, hofu, ahueni. Wazee waliotajwa walibaki na jina hilo baada ya vijana wa Kamcape kwenda zao. Kila mwongozaji anayefika kutoka mbali, anayewakusanya watu, anayefichua maovu ya kijiji na kisha kupanda gari, angefaa kulijua tukio hilo kabla hajafungua begi lake.

Dar es Salaam, wakati huo huo, nchi changa ilikuwa ikitafuta jukwaa lake. Rais wake, Julius Nyerere, alikuwa mwalimu wa shule aliyefundisha Tabora na Pugu, na mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya Julius Caesar. Michezo ya kuigiza ya kizungu ilikuwa imeingia kwa njia ya shule. Mwanafunzi aliyepanda jukwaani alifanya hivyo ili aboreshe Kiingereza chake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mkondo ukageuka. Mathias Mnyampala, mshairi kutoka Ugogo, aliipa nchi ngonjera, mashairi ya majibizano ambamo asiyejua huuliza na anayejua humjibu mpaka akubali. Shule za msingi zikazipokea kwa mikono miwili. Kila mwalimu wa darasa la tano akawa mwongozaji, na kila sikukuu ya Saba Saba ikawa na watoto waliopanga mistari miwili wakielezana maana ya ujamaa.

Ngonjera ziliwafunza watu wengi kusimama mbele za watu bila woga, na hilo ni deni ambalo sanaa ya nchi hii bado haijalilipa. Lakini umbo lake ni la darasa. Jibu linajulikana kabla ya swali kuulizwa.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha sanaa za maonyesho mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1969 Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ikapata jukwaa, na nyuma ya Hussein kikaja kizazi cha wanafunzi ambao wangekuwa walimu wa walimu. Miongoni mwao alikuwa Penina Muhando, aliyezaliwa mwaka 1948 Berega, katika nchi ya Wakaguru mkoani Morogoro. Akiwa bado kijana alitoa Hatia mwaka 1972, mchezo juu ya msichana aliyepata ujauzito nje ya ndoa. Ikafuata Tambueni Haki Zetu, Heshima Yangu, Pambo, Talaka si Mke Wangu. Jina lake likaingia kwenye mitaala. Kwa kipimo chochote alikuwa amefika.

Ila alikuwa anaandika kwa watu wanaosoma, katika nchi ambayo wengi walikuwa ndiyo kwanza wanashika kalamu. Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakijadili choo, maji na malaria, kisha wakitoka kwenda kuchimba. Paulo Freire, mwelimishaji wa Brazil aliyepinga elimu ya kumjaza mwanafunzi kama mtungi, alipita Dar es Salaam mapema katika miaka hiyo ya 1970. Mbegu ya sanaa za maonyesho kwa jamii ilidondoka hapo, katika vikundi vile vya redio na katika hoja za Freire, kabla ya mtu yeyote kuzungumzia jukwaa.

Majirani walikuwa wametangulia kidogo. Rose Mbowa wa Uganda alikuwa mwanafunzi wa Makerere mwaka 1965 wakati wahadhiri wake walipoanzisha kundi la kuzunguka vijijini na michezo ya lugha mbalimbali, na safari hizo zilimtengeneza kuliko mhadhara wowote. Miaka 22 baadaye aliunda Mother Uganda and Her Children kwa ngoma na lugha za pande zote za nchi yake. Zambia, jirani wa Ufipa upande wa kusini, wahadhiri na wanafunzi wa chuo kikuu walijenga Chikwakwa, jukwaa la wazi nje kidogo ya Lusaka, na kutoka hapo wakaenda mikoani. Botswana, katikati ya miaka ya 1970, watu wa elimu ya watu wazima walibuni Laedza Batanani baada ya kuona mikutano ya hadhara haiwavuti watu. Hata Augusto Boal wa Brazil, ambaye jina lake linatajwa leo katika kila semina ya uraghibishi, alisomea uhandisi wa kemikali New York, na mbinu zake nyingi alizipata mwaka 1973 akifanya kazi katika kampeni ya kusoma na kuandika nchini Peru.

Kenya ndiko bei ya kazi hii ilikojulikana. Kituo cha Kamiriithu, Limuru, kilikuwa na watu watatu mbele. Ngugi wa Thiong'o alikuwa mwandishi na profesa. Kimani Gecau, aliyeongoza mchezo, alikuwa mhadhiri wa fasihi. Ngugi wa Mirii alikuwa mtafiti wa elimu ya watu wazima aliyekuwa amesimamia madarasa ya kusoma na kuandika pale kijijini, na pengine yeye ndiye aliyekuwa ufunguo, kwa kuwa watu walimjua kwa ubao kabla ya kumjua kwa jukwaa. Wakulima na wafanyakazi wa viwandani walipopewa mchezo wenyewe, Ngaahika Ndeenda, hawakukaa kimya. Walisahihisha Kikuyu cha wasomi, wakaongeza nyimbo, wakaeleza jinsi mzee fulani angezungumza na kibarua fulani. Walijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi la watu zaidi ya 2,000. Mchezo ulifunguliwa Oktoba 1977, leseni ikafutwa Novemba 16, na siku ya mwisho ya mwaka Ngugi wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila mashtaka. Mwaka 1982 serikali ilibomoa jukwaa lile. Ngugi wa Mirii na Gecau walikimbilia Zimbabwe na kuendelea na kazi hiyo hiyo huko. Ngugi wa Mirii alifariki katika ajali ya gari mwaka 2008, Harare, bado akiwa mtu wa vikundi vya vijiji.

Walimu watatu, na darasa likawageuza. Hilo la wasomi kusahihishwa lugha na watu ambao baadhi yao walikuwa wamejua kusoma juzi tu lina uzito kuliko yote yaliyoandikwa baadaye kuhusu Kamiriithu.

Mwaka huo wa 1982, huku Kamiriithu ikibomolewa, Penina Muhando, ambaye sasa anajulikana pia kama Penina Mlama, alichapisha Nguzo Mama. Ndani yake wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kusimamisha nguzo, na Bi Msimulizi anatuchukua kutoka kushindwa kumoja hadi kwingine. Ni mchezo wa mwandishi asiyeridhika na kukaa pembeni. Wakati huo alikuwa akiandika tasnifu yake ya uzamivu, iliyokamilika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1983, kuhusu sanaa za jadi za Wakaguru kama chombo cha kufundishia. Binti wa Berega aliyepita shule zote za Kizungu na Kiswahili alirudi kwao kwenda kutazama ngoma, hadithi na mafunzo ya jando na unyago kwa jicho la mwanafunzi. Hapo ndipo, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, mwongozaji wa jamii alipozaliwa ndani ya mwandishi wa tamthilia.

Akiwa na wenzake wa chuo, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, alielekea Malya, wilaya ya Kwimba, katika nchi ya Wasukuma. Lihamba, naye wa Morogoro, alizaliwa 1944. Alikuwa mwigizaji hodari, mwandishi wa Hawala ya Fedha, na mwaka 1985 angepata shahada ya uzamivu Leeds kwa kazi juu ya siasa na tamthilia Tanzania baada ya Azimio la Arusha. Wote watatu walikuwa wahadhiri, wageni kutoka Dar es Salaam.

Kazi ya Malya ya 1982 na 1983 inastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu karibu kila mradi uliofuata Tanzania umeiga hatua zake. Watafiti walianza kwa kuishi na watu. Walizungumza na wazee, vijana, walimu, viongozi wa kijiji, kila kundi peke yake na kisha pamoja, kutafuta jambo linalowauma. Lilipoibuka, lilikuwa mimba za wasichana wa shule na, nyuma yake, vijana wasio na kazi wala nafasi ya kusema mbele ya wazee. Kikundi cha vijana kikaanza kulifanyia kazi kwa sanaa zao wenyewe. Walichukua wigashe, uimbaji wa Kisukuma ambao watu huimba wakiwa wameketi, wakaweka ndani yake habari ya kijiji chao. Onyesho likafanyika. Baada ya onyesho, mjadala. Baada ya mjadala, nini kifanyike na nani akifanye.

Ukiiweka Malya kando ya Hatia, safari ya Mlama inaonekana wazi. Mada ni ile ile, msichana na mimba. Mwaka 1972 mwandishi wa miaka 24 aliamua peke yake msichana aseme nini, aliyempa mimba awe nani, na mwisho uwe upi. Miaka kumi baadaye, profesa mtarajiwa yuleyule alikaa chini Malya kusikiliza vijana wakibishana mwisho uwe upi, kwa wimbo ambao wao waliujua na yeye hakuujua. Kwenye wigashe mgeni ni mgeni tu. Hawezi kumsahihisha mtu.

Haikuwa rahisi. Mtu anayetoka chuo kikuu huonekana kijijini kama mtu wa serikali, na mbele ya mtu wa serikali watu husema kinachotakiwa. Wakubwa wa kijiji wanapenda igizo juu ya uvivu wa vijana. Igizo juu ya mwanamume mwenye cheo aliyempa binti mimba ni jambo jingine kabisa. Tena mtafiti ana mihula ya kufundisha: lazima arudi Dar es Salaam. Mlama aliyaandika matatizo hayo waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1991 kilichochapishwa Uppsala, Sweden, pamoja na uzoefu wa vijiji vingine kama Msoga upande wa Bagamoyo na Mkambalani nje ya Morogoro. Ukweli huo ndio unaokifanya kitabu hicho kisomeke hadi leo. Wengi waliofuata waliandika ripoti ambazo kila onyesho limefaulu.

Mlango mwingine wa kuingilia kazi hii ulikuwa Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilifunguliwa huko mwaka 1981, baada ya vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo kuvunjwa. Walimu wake wa kwanza wengi walikuwa wachezaji na wapigaji waliojifunza kwa baba na mama zao; mmoja wao, Hukwe Zawose, Mgogo, alikuwa tayari bingwa wa zeze na ilimba. Mwanafunzi wa Bagamoyo alitoka na kitu ambacho wa chuo kikuu hakukipata kwa urahisi: mwili. Alijua kupiga, kucheza, kuruka, kuigiza na kutambia watu hadithi, na alipofika kijijini hakuwa na haja ya kueleza alichokuja kufanya, alianza kupiga ngoma na watu wakaja. Parapanda, kundi lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1994, lilikulia katika malezi hayo, na kwa miaka mingi limefanya kazi za jamii kwa kuchanganya ngoma, masimulizi na maigizo. Chuo chenyewe tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Kwa upande wa serikali lilikuwepo Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na katibu mtendaji wake wa miaka mingi, Ghonche Materego, alishirikiana na Juma Bakari wa Bagamoyo kuandika Sanaa kwa Maendeleo, kitabu cha stadi na mazoezi cha 1995 ambacho mraghibishi wa mkoani angeweza kukisoma kwa Kiswahili.

Ndipo fedha zikaja. UKIMWI, afya ya uzazi, haki za watoto, utunzaji wa mazingira: miaka ya 1990 na ya 2000 kila mradi ulitaka kikundi cha sanaa. Akaibuka mwongozaji wa aina mpya, kijana wa mjini au wa makao makuu ya wilaya, aliyepitia semina ya siku tano, aliye na fulana yenye nembo na ujumbe uliokwisha kuandikwa. Vicensia Shule, mwanazuoni wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na yeye mwenyewe mtengenezaji wa filamu, ameandika kwa ukali juu ya hali hiyo: wafadhili wamekuwa watazamaji wa kweli wa michezo hiyo, na wanakijiji wamegeuka ushahidi kwamba fedha zilitumika. Ni hoja nzito na ya haki. Lakini isiwalaumu vijana hao kuliko inavyostahili. Wengi walikuwa na kipaji na hawakuwa na ajira nyingine, na semina ya siku tano ndiyo shule pekee waliyopewa.

Kwa kijiji kama Chala, mwongozaji wa fulana analeta shida ya pekee, na shida hiyo ni lugha. Anakuja na Kiswahili cha Dar es Salaam mahali ambapo bibi mwenye habari kamili ya tatizo huifikiria kwa Kifipa. Anakuja pia kwa ratiba ya mradi, wakati mwaka wa uwandani unapimwa kwa jembe. Wafipa hulima kwa matuta ya ntumba, wakifukia nyasi chini ya udongo zioze ziwe mbolea, na kazi hiyo haimsubiri mtu. Ngoma zina msimu wake, baada ya mavuno, ulezi ukiwa umeingia ghalani na pombe ikiwa imeiva. Kikundi kinachofika Februari kinacheza mbele ya watoto na wenye maduka. Katekista wa zamani hakuhitaji kuambiwa hayo. Wala fundi wa malungu.

Kuna mradi mmoja ambao ulijaribu kutatua swali la mwongozaji kwa kumwondoa kabisa mgeni. Mwaka 1996 Mlama, Lihamba na wenzao wa idara yao waliingia katika shule za sekondari na programu ya wasichana waliyoiita Tuseme. Wasichana walikuwa wakiacha shule, wakifeli, wakipata mimba, wakinyamaza. Wahadhiri hawakuandika mchezo. Waliwafundisha wasichana na baadhi ya walimu wao hatua za Malya: tafuteni tatizo, chambueni chanzo chake, lifanyieni onyesho, kisha mkubaliane la kufanya na mfuatilie kama limefanyika. Baada ya warsha klabu ya Tuseme ilibaki mikononi mwa wanafunzi. Mlama alipokwenda Nairobi kuongoza FAWE, shirika la wanawake waelimishaji wa Afrika, Tuseme ilivuka naye mipaka na kuingia katika shule za nchi nyingine.

Fikiria hali ya chumba siku ya onyesho la Tuseme. Mwongozaji ana miaka 15. Amesimama pembeni na daftari, akiwapungia wenzake waingie. Hajasoma Freire wala Boal, hajafika Bagamoyo. Malezi yake ya uongozaji ni hadithi za bibi yake, maigizo ya Noeli kigangoni, ngonjera za shule ya msingi, na warsha moja. Jambo linaloigizwa amelipitia au ameona rafiki yake akilipitia. Mbele yake, kwenye viti walivyoletewa kutoka ofisini, wamekaa mwalimu mkuu, walimu, na wazazi waliofika. Anayeigiza mwalimu katika mchezo anavuta kigoda, anakalia, na kuanza kusema maneno ambayo kila msichana mle ndani amewahi kuyasikia. Walimu wanasikiliza. Onyesho likiisha, msichana wa daftari anakuja katikati na kuwauliza wakubwa swali la kwanza la mjadala.